Mitende ya Misfat na udongo uliobebwa mabegani

Ukitoka Nizwa kwenda Al Hamra, milima ya Hajar inakuandama mkono wa kulia safari nzima. Ni chokaa tupu, ya kijivu na kahawia, na ukiitazama kwa mbali huoni kinachoota. Kutoka Al Hamra barabara inaanza kupanda kwa mizunguko, na baada ya kilomita chache unafika pahala ambapo nyumba za udongo zimekalishwa juu ya majabali makubwa, na chini yake bonde zima ni kijani: mitende, migomba, mindimu na mikomamanga, ikiteremka ngazi kwa ngazi hadi chini kabisa. Hapo ni Misfat al Abriyeen, kwenye urefu unaokaribia mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Mwaka 2021 Shirika la Utalii Duniani la Umoja wa Mataifa lilikitia kijiji hiki katika orodha yake ya vijiji bora vya utalii, na wageni hawakatiki. Wengi husimama pale juu zinapoegeshwa gari, wakapiga picha, wakaisifu mitende. Mimi ni mtu wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, nimekulia kwenye maweni, na macho yangu yalikwenda kwanza kwenye kuta.

Anayeyajua maweni atanielewa. Upande wetu wa kisiwa ardhi ni jiwe la matumbawe lililochomoza juu, lenye ncha kali, na udongo umejificha kwenye vifuko na nyufa. Mtu hulima kwa kuufuata udongo ulipo: shimo hili punje za mtama, lile shina la muhogo, mpapai pale penye kifuko kikubwa. Minazi yetu mingi iko pwani kwenye mchanga, na mashamba makubwa ya minazi yako upande wa pili, kwenye udongo mwekundu wa kinongo. Ukiupanda mnazi katikati ya maweni unadumaa, makuti yanageuka manjano, na upepo wa kusi ukija kwa nguvu unalala. Tangu utotoni nimesikia wazee wakisema jiwe halilei mnazi. Kwa hiyo nilipoliona bonde lenye jiwe gumu kuliko letu limejaa mitende mirefu yenye afya, nilitaka kujua kitu kimoja tu: imesimama juu ya nini?

Aliyenijibu ni mzee niliyeelekezwa kwake na jamaa zangu wa Maskati. Alizaliwa Unguja, akaja Oman kijana baada ya 1970, Sultan Qaboos aliposhika madaraka na kuwaita nyumbani Waomani waliokuwa nje. Kiswahili chake bado ni kile cha Mjini cha enzi zile, na kila mtu anamwita Ami. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha ikaja kahawa na sahani ya tende kabla sijauliza lolote. Nilipouliza, alisimama.

“Twende shamba, mwanangu. Haya hayaelezeki mtu amekaa kitako.”

Ilikuwa mwisho wa Februari, hali ya hewa nzuri, kazi za shamba zimepamba moto. Mvua ya majira ya baridi ilikuwa imeangusha kipande cha ukuta kwenye tuta lake moja, na fundi wake, kijana wa Kibangladeshi aliyekaa miaka mingi milimani, alikuwa akiujenga upya. Tulikaa pembeni yake karibu asubuhi nzima, na sijapata kuona darasa zuri la kilimo kuliko lile.

Msingi haukuwekwa juu ya udongo. Alichimbua mpaka akalifikia jabali lenyewe, akalisafisha kwa brashi, akalichonga kidogo ili jiwe la kwanza likae bila kucheza. Mawe makubwa chini, madogo juu, na kila jiwe limeinama ndani kuelekea mlimani, hivyo kwamba ukuta unaegemea ule mzigo ulioubeba. Kila baada ya mawe machache alitia jiwe refu lililoingia ndani kabisa kama mkono wa mtu aliyeshika nguzo. Saruji hakuna. Nilimuuliza Ami kama ni kwa sababu ya gharama. Akatikisa kichwa.

“Saruji inayafungia maji. Maji ukiyafungia yanasukuma, na yakisukuma hayashindwi. Ukuta huu unavuja, ndiyo maana upo.”

Nyuma ya ukuta fundi alijaza kokoto, upana wa shubiri mbili, kutoka chini mpaka karibu na juu. Hiyo ndiyo njia ya maji kutokea. Kisha ndani ya tuta lenyewe: mawe mabovu chini, changarawe juu yake, halafu udongo. Na udongo huo hauna asili pale. Ni matope laini yanayoachwa na mafuriko kwenye mabonde ya chini, yaliyochotwa na kupandishwa kwa mabega ya watu na migongo ya punda kwenye vikapu vya ukindu, yakachanganywa na samadi ya mbuzi. Samadi inaongezwa kila mwaka bila kukosa. Chokaa ya mlima huyafunga madini ya chuma na manganizi, mti ukashindwa kuyala hata yakiwemo, na ule umanjano wa minazi yetu kwenye maweni, nadhani, una sababu iyo hiyo. Samadi iliyooza inayaachia tena taratibu. Ami akaokota donge la udongo kwenye tuta la jirani, ambalo halijabomoka tangu enzi za babu zake, akalivunja mkononi. Lilikuwa jeusi, lina harufu ya msitu, na ndani yake minyoo. Juu ya jabali la Hajar! Kwa maoni yangu zao la kwanza la Misfat ni huo udongo. Tende zimekuja baadaye.

Nikachukua mtaimbo nikapima kina. Kwenye ukingo, karibu na ukuta, ulizama mpaka kifuani kwangu. Nilipourudisha nyuma, kwenye ubavu wa mlima, uligonga jiwe kwenye kina cha goti. Tuta ni kabari: nene mbele, jembamba nyuma. Na mitende yote ya Ami imepandwa mbele, karibu na ukuta, mahali ambapo mtu wa kwetu asingethubutu kuupanda mti wowote kwa kuogopa mizizi isiubomoe.

Hapa ndipo nilipoelewa kwa nini ni mtende na si mti mwingine. Mwembe, mkungu au mtini una mizizi inayonenepa mwaka hadi mwaka. Ikiingia kwenye ufa wa ukuta, ufa unapanuka, mawe yanatoka. Mtende hauna mzizi mkuu wala mizizi yake hainenepi. Kutoka kwenye kitako cha shina hutoka mizizi kwa mamia na maelfu, mingi haizidi unene wa kidole, na mzizi ulivyotoka mwanzo ndivyo utakavyobaki mpaka ufe na mwingine uchukue nafasi yake. Mnazi nao uko hivyo, na mpopoo, na mchikichi, jamii nzima. Mizizi hiyo inapita katikati ya kokoto na mawe ya ukuta bila kuyasogeza, tena inaufuma udongo ukashikana. Ami alinionyesha sehemu ambako ukuta ulishaanguka zamani lakini udongo nyuma yake ulibaki wima, umeshikwa na mizizi peke yake, mpaka wakapata nafasi ya kuujenga. Mwembe wake mmoja ameupanda chini kabisa, mahali pasipo na ukuta.

Na kuna jambo jingine linaloufanya mtende uyapende matuta. Kitako cha shina kikifunikwa na udongo wenye unyevu, kinatoa mizizi mipya. Kwa hiyo mtende uliozeeka na kuanza kuonyesha mizizi juu ya ardhi hawauachi. Wanauzungushia mawe, wanamwaga udongo na samadi mpaka pale mizizi inapoanzia, nao unapata nguvu upya. Ni tuta dogo juu ya tuta.

Mchana ule ule walipanda mtende mpya kwenye tuta lenye udongo uliokwisha kutulia. Hawapandi kokwa. Ukipanda kokwa, karibu nusu ya miche itakuwa madume, na hata majike hayatazaa tende za mama yao. Wanachukua chipukizi linaloota ubavuni mwa mtende mkubwa, ambalo Waomani wanaliita sarma, likiwa na miaka kadhaa na mizizi yake mwenyewe. Hili lilitoka kwenye mtende wa khalas. Kulitenganisha ni kazi ya mtu mmoja mwenye mkono uliozoea: fundi alifukua kando mpaka akaona kiungo chembamba kinachomshika mtoto kwa mama, akaweka ncha ya mtaimbo, akapiga mara chache kwa uzito, likaachia bila kuchubuka. Kisha yakapunguzwa makuti, yaliyobaki yakafungwa kwa pamoja, na chipukizi likashushwa kwenye shimo lililokwisha kushibishwa maji. Ami alipiga magoti mwenyewe kuangalia kina. Moyo wa mtende, pale makuti mapya yanapotokea, lazima ubaki juu ya udongo, maana maji yakiingia moyoni unaoza. Wakalizungushia gunia dhidi ya jua, wakalifanyia kisahani cha udongo cha kukusanyia maji. Wiki za mwanzo litanyweshwa kila siku. Likishika vizuri, tende za kwanza zitaonekana baada ya miaka minne hadi sita.

Maji ndiyo nusu ya pili ya habari hii, na bila hiyo nusu ya kwanza haina maana. Tuta lililoinuliwa linakauka upesi kuliko ardhi ya kawaida. Limezungukwa na hewa upande mmoja, mawe yake yanapata moto wa jua, na chini lina kokoto zinazopitisha maji. Mtu akijenga tuta zuri juu ya mwamba halafu akaliachia mvua pekee, mtende utakufa humo taratibu.

Misfat inaishi kwa falaji. Maji yanatoka kwenye chemchemi juu ya genge, yanaingia kwenye mfereji usiozidi upana wa hatua moja, yanapita ubavuni mwa mlima kwa mteremko mdogo sana, yakifika kijijini watu wanachota ya kunywa kwanza, kisha yanapita msikitini na kwenye mahali pa kukogea, na ndipo yanapokwenda mashambani. Oman ina falaji karibu 3,000 zinazofanya kazi mpaka leo. UNESCO iliziandika 5 katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, Falaji Daris ya Nizwa ikiwa mojawapo. Ya Misfat haimo katika hizo, na hilo halipunguzi kitu.

Kila mwenye shamba ana zamu yake ya maji, na zamu inapimwa kwa athar, ambayo kwa kawaida ni nusu saa. Zamani mchana walitazama kivuli cha mti uliosimikwa, usiku wakatazama nyota zinavyochomoza nyuma ya vilele. Siku hizi wengi wana saa mkononi, na bado unakuta mzee anayetaja zamu yake kwa jina la nyota. Athar inarithiwa, inauzwa, inakodishwa. Nyingine ni wakfu wa msikiti, na nyingine ni mali ya falaji yenyewe, ambazo hukodishwa kwa mnada ili pesa zitengeneze mfereji. Zamu ya Ami ilipofika, fundi alichomoa tambara na jiwe vilivyoziba kitundu kwenye ukingo wa mfereji, na maji yakaingia tuta la juu. Yalijaa jaluba la kwanza mpaka kifundo cha mguu, akafungua la pili, kisha la tatu. Baada ya muda nikaona unyevu unachirizika kwenye mawe ya ukuta, ukidondokea migomba ya tuta la chini.

Niliwahi kudhani kule kuvuja ni hasara wanayoivumilia. Kumbe ndiko kunakoyaokoa matuta. Kwenye nchi ya jua kali, kila maji ya kumwagilia huacha chumvi kidogo udongoni, na pasipo mahali pa kutokea chumvi inajikusanya mpaka ardhi inakufa. Hilo limetokea kwenye mashamba mengi ya uwanda wa Batinah, karibu na bahari. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos na wa Chuo Kikuu cha Kassel cha Ujerumani walikwenda Balad Seet, kijiji kilicho upande wa pili wa mlima huu huu, kuchunguza udongo wa matuta ya aina hii. Walikuta ni udongo uliotengenezwa na watu, wenye rutuba ya samadi, unaopitisha maji vizuri kiasi cha kuoshwa chumvi kila unaponyweshwa. Mafundi wa zamani waliozipanga zile kokoto hawakuacha maandishi yoyote, na pengine hawakuhitaji.

Kazi ya juu ya mti niliitazama kutoka chini. Mtende jike usipopandishiwa unga wa dume haukupi tende za maana, na upepo peke yake hautoshi, maana dume moja huwekwa kwa majike 40 hadi 50. Fundi alikwea kwa kamba pana iliyozunguka kiuno chake na shina, nyayo zikishika vigingi vya makuti yaliyokatwa. Alilipasua karara la jike, akachukua nyuzi chache za maua ya dume, akazipachika kichwa chini katikati ya shada, akalifunga kwa kipande cha ukuti kisichokazwa, ili kifunguke chenyewe shada likitanuka. Mara akashuka, akaenda kwenye mwingine. Wakwezi wetu wa minazi wangeifurahia ile kamba.

Sasa niseme lililonihuzunisha. Nyuma ya shamba la Ami kuna matuta matatu ambayo wenyewe wamehamia Maskati. Zamu yao ya maji wameikodisha, kuta hazina wa kuzitazama, na la juu kabisa limeshabomoka. Udongo wake umeteremka ukaziba njia ya maji ya tuta la chini, na mvua ijayo italichukua hilo nalo. Kwenye shamba la tambarare uzembe wa mtu unaishia mpakani mwake. Mlimani, ukuta wa mmoja ni paa la mwenzake, kwa hiyo uzembe unateremka. Juu ya hayo kuna miaka ya ukame chemchemi inapopungua, na kuna fukusi mwekundu wa mitende, mdudu aliyeingia Oman mwaka 1993, anayekula ndani ya shina bila kuonekana na kusafiri ndani ya machipukizi yanayouzwa toka mkoa mmoja hadi mwingine. Ndiyo maana Ami hanunui sarma kwa mtu asiyemjua.

Vijana wa kijiji wamezigeuza nyumba za kale kuwa za kulaza wageni, na nimefurahi kuona kazi imepatikana pale pale. Lakini nasema wazi: sehemu ya pesa hizo ingepaswa kwenda kwenye kuta, kwa utaratibu unaojulikana, kama ile athar inayonadiwa kwa ajili ya mfereji. Mgeni anayelala Misfat amefuata mitende. Bila kuta mitende haipo, na fundi anayejua kuinamisha jiwe mlimani hapatikani kila siku. Huyu niliyemwona ana mwanafunzi mmoja tu, naye ni mpwawe aliyemleta kutoka kwao.

Jioni ya mwisho tulizungumza habari ya maweni. Nilimchorea Ami shamba letu la Makunduchi kwenye karatasi, akaniuliza maswali ya mtu aliyelisahau jua la Unguja lakini hajasahau mvua zake. Akaniambia kwetu ni rahisi kuliko kwao, maana jiwe la matumbawe linachongeka na mvua ipo. Ugumu wetu ni kwamba jiwe lina matundu, maji yanazama moja kwa moja, kwa hiyo tuta letu linataka samadi na takataka za mimea nyingi zaidi, zipate kushika unyevu. Mnazi huweka sehemu kubwa ya mizizi yake ndani ya mita mbili kuzunguka shina na kina cha mita moja na nusu, hivyo tuta lisilopungua upana wa mita nne linatosha kuuanza, ilimradi chini yake jiwe liwe limevunjwa mahali mahali kwa mtaimbo, mizizi ipate pa kujishikilia upepo wa kusi unapokuja. Minazi mifupi ya kuanzia, si mirefu, na katikati yake migomba na mipapai wakati minazi inakua.

Tumekubaliana na ndugu zangu tuanze na tuta moja, upande wa nyumba wenye tangi la kukinga maji ya mvua, kwa sababu Januari na Februari ndiyo miezi itakayoiua minazi midogo kama hakuna akiba. Mawe tunayo, ukuta utajengwa wakati wa kipupwe. Udongo tutaununua kwa gari kutoka upande wa kinongo, na samadi ya ng’ombe ipo kwa majirani. Ami alisisitiza tusipande mara moja: udongo mpya hushuka, na mti uliopandwa juu yake hushuka nao mpaka moyo ukafukiwa. Kwa hiyo udongo utakaa vuli nzima ukinyeshewa na kutulia, tutaujazia ulipozama, na minazi itaingia masika yanayofuata.